Tani Kumi Juu, Tani Kumi Chini

Barua tunayoijibu juma hili imetoka Gisenyi, mji ulioko kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, nchini Rwanda. Mwandishi wake ni mwashi. Yeye na wenzake kumi na mmoja, wake kwa waume, wameunda kikundi cha kufyatua matofali ya udongo. Wamebahatika kupata jeki ya lori ya tani 10, nao wanakusudia kuifunga ndani ya fremu ya chuma ili iushindilie udongo ndani ya kalibu. Wanauliza mambo matatu: je, jeki hiyo yatosha? Mpini wake utahitaji nguvu kiasi gani? Na nondo mbili za milimita 16, ambazo mchomeleaji wa mtaani amependekeza zishike fremu huku na huku, zafaa? Swali hili la tatu limeandikwa mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, kana kwamba ni jambo dogo. Sisi tunaona kuwa ndilo kubwa kupita yote, lakini hatuwezi kulifikia ila kwa kupitia yale mawili ya kwanza.

Wenye kushangaa kwamba ukurasa wa nyumbani unazungumza habari za jeki, na wakumbuke yaliyotokea huko. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda, Mto Sebeya ukafurika, na nyumba nyingi za Wilaya ya Rubavu zikabomoka. Nchini kote walikufa watu zaidi ya 130. Miaka miwili kabla ya hapo, Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yaliupasua mji kwa siku kadhaa. Tofali bichi la kukaushwa juani, ambalo Wanyarwanda huliita rukarakara, ni tofali la heshima na limewahifadhi watu vizazi vingi. Walakini likikaa ndani ya maji hurudi kuwa tope. Tofali lililochanganywa na saruji kidogo, kisha likashindiliwa kwa nguvu, hustahimili maji kuliko hilo. Basi waashi wa Gisenyi hawaulizi kwa ajili ya mchezo.

Tuanze na msingi. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, ndiye aliyeeleza wazi kwamba ukikisukuma kiowevu kilichofungiwa ndani ya chombo, msukumo huo huenea sawasawa pande zote, bila kupungua. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 1795, Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mtambo wa kushindilia uliotumia kanuni hiyo hiyo. Jeki ya lori ni mjukuu wa mtambo ule: pistoni nyembamba inayosukumwa na mpini, pistoni nene inayobeba mzigo, na mafuta katikati.

Wataalamu wa lugha wametupa neno zuri kwa jambo hili, nalo ni kanieneo. Neno lenyewe ni hesabu: ni kani, yaani nguvu ya kusukuma, ikigawanywa kwa eneo inalolisukuma. Ukijua mawili kati ya hayo matatu, la tatu hujitokeza. Katika makala haya tutapima kani kwa kilo za uzito, kama mafundi wapimavyo karakanani. Mwanafunzi anayetakiwa na mwalimu wake kutumia nyutoni na azidishe kila kilo kwa 9.81.

Hapa pana tundu ambalo wengi hutumbukia. Pistoni hupimwa kwa kipenyo, lakini kinachofanya kazi ni eneo. Mama apikaye chapati anajua siri hii bila kufundishwa: chapati yenye upana maradufu, kwa unene ule ule, haitumii unga maradufu, bali mara nne. Ndivyo ilivyo kwa pistoni. Ikiwa kipenyo kimeongezeka mara mbili, eneo limeongezeka mara nne. Kikiongezeka mara tatu, eneo ni mara tisa. Anayelinganisha vipenyo badala ya maeneo atapata jibu dogo mno, kisha ataishangaa jeki yake kwa kuwa na nguvu asizozitarajia.

Sasa tofali. Kalibu ya wenzetu ina urefu wa sentimita 29 na upana wa sentimita 14. Eneo lake ni 29 mara 14, yaani sentimita za mraba 406. Mashine nyingi za mkono za kufyatulia matofali ya udongo, zikiwamo zile za mfano wa CINVA-Ram uliobuniwa Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950, hushindilia kwa kiasi cha kilo 20 juu ya kila sentimita ya mraba. Tukichukua kipimo hicho, kani inayohitajika ni 406 mara 20, yaani kilo 8,120, tani 8 na kidogo. Jeki ya tani 10 yatosha, na akiba inabaki. Swali la kwanza limekwisha.

Kwa swali la pili, mwandishi wetu ametusaidia sana, maana aliifungua jeki ili kubadilisha mipira yake, akavipima vyuma vya ndani. Pistoni nyembamba ina kipenyo cha sentimita 1.2, na nene sentimita 4.2. Gawanya 4.2 kwa 1.2 upate 3.5, zidisha 3.5 kwa 3.5, kwa sababu ya ile habari ya chapati, upate 12.25. Hivyo mafuta peke yake yanaikuza kani mara 12 na robo. Lakini mpini nao ni wenzo. Kutoka kwenye egemeo hadi mkononi ni sentimita 60, na kutoka kwenye egemeo hadi kwenye pistoni nyembamba ni sentimita 3. Kwa hiyo mpini unaikuza kani mara 20. Zidisha 12.25 kwa 20 na jibu ni 245.

Gawanya sasa kilo 8,120 kwa 245. Utapata kilo 33. Msuguano wa mipira na vyuma hula sehemu yake, basi tuongeze moja ya tano tufike kilo 40. Mtu mzima yeyote katika kikundi, mwanamume au mwanamke, anaweza kuusukuma mpini kwa kilo 40 akiuegemea kwa uzito wa mwili. Hakuna sababu ya kuwaachia kazi hiyo vijana wenye misuli.

Ila tusidhani kwamba tumepata kitu cha bure. Kinachozidishwa ni kani tu; kazi haizidishwi. Pistoni nyembamba ikishuka sentimita 2, nene hupanda sentimita 2 zikigawanywa kwa 12.25, yaani milimita 1.6 tu. Udongo uliojazwa ovyo kwenye kalibu hutaka kubanwa kiasi cha sentimita 6 kabla ya kuwa tofali. Hayo ni mapigo 37 ya mpini. Kila pigo mkono hutembea sentimita 40, na mapigo yote pamoja ni karibu mita 15 za mwendo wa mkono kwa tofali moja! Ukizidisha sentimita 6 kwa 245 utakuta mita hizo hizo, na hiyo ndiyo njia ya kuhakiki kwamba hesabu yako haikupotea njiani. Mtu aliyekuambia kwamba jeki itakupunguzia kazi alikosea. Inakupunguzia uzito, kisha inakudai muda.

Dawa ipo, nayo si ya gharama. Ushindilieni udongo kwa kinu cha mbao ndani ya kalibu kabla ya kufunga kifuniko, mkimwaga kwa tabaka mbili au tatu. Sentimita 4 za mwanzo, ambazo udongo wake ni mlegevu, hazihitaji tani hata moja. Jeki ibakiziwe sentimita 2 za mwisho, yaani mapigo 13.

Tumefika kwenye swali la tatu.

Jeki inaposukuma tofali kwenda juu kwa tani 8, tofali husukuma kifuniko kwa tani 8, na jeki yenyewe husukuma kitako chake kwenda chini kwa tani 8 zile zile. Fremu iko katikati ya ugomvi huo. Inavutwa huku na huku kama kamba ya mashindano. Tena tusiihesabu fremu kwa tani 8. Ihesabuni kwa tani 10, maana siku moja jiwe litaingia kalibuni, au udongo utakuwa mkavu, na mpiga mpini ataongeza nguvu bila kufikiri.

Tani 10 zikigawanywa kwa nondo mbili, kila nondo inavutwa kwa kilo 5,000. Nondo ya milimita 16 ina eneo la sentimita za mraba 2.01. Gawanya, na utaona kwamba kila sentimita ya mraba ya chuma inabeba karibu kilo 2,490. Chuma laini cha kawaida huanza kunyooka moja kwa moja, bila kurudi urefu wake wa awali, kikifikia kiasi cha kilo 2,500. Nondo hizo zimesimama mlangoni mwa maangamizi kabla hata ya kazi kuanza. Na zikikatwa hesi ili zipokee nati, hali huzidi kuwa mbaya, kwani hesi hula chuma: eneo linalobaki ni kama sentimita za mraba 1.57, na mkazo unapanda kupita kilo 3,180. Zitanyooka. Baadaye zitakatika, na mtu aliyeinama kutazama kama tofali limeiva ndiye atakayezipokea.

Jibu letu basi ni hapana.

Kanuni ya mafundi waangalifu ni kukipa chuma laini kilo 1,000 tu kwa sentimita ya mraba, ili kasoro za chuma, uchovu wa kazi ya kila siku na haraka za binadamu zipate nafasi yake. Kwa kipimo hicho kila upande unataka sentimita za mraba 5 za chuma kizima. Bolti yenye hesi iwe ya milimita 30, ambayo baada ya kuliwa na hesi hubakiwa na sentimita za mraba 5.6. Ukitumia bapa la chuma lenye tundu la bolti, toa upana wa tundu kwanza, ndipo upige hesabu: bapa la sentimita 6 kwa 1 lililotobolewa tundu la milimita 17 limebaki na 4.3, nalo halitoshi. Nondo za ujenzi zenye mikwaruzo tusingezitumia kabisa, hata nene, kwa kuwa ziko za aina nyingi, na baadhi yake huwa kavu na rahisi kuvunjika zikishachomelewa.

Kuna boriti ya juu pia, ambayo barua haikuitaja hata kidogo. Hii haivutwi bali inapindwa. Ikiwa nafasi kati ya bolti mbili ni sentimita 40 na mzigo wa kilo 10,000 uko katikati, zidisha mzigo kwa nafasi, ugawe kwa 4: jibu ni kilo-sentimita 100,000. Gawanya tena kwa zile kilo 1,000 tunazoruhusu, na unapata 100. Namba hii ndiyo nguvu ya umbo ambayo boriti lazima iwe nayo. Kwa chuma cha mstatili, nguvu hiyo hupatikana kwa kuzidisha upana kwa kimo, kisha kwa kimo tena, ukagawa kwa 6. Chukua mapande mawili ya unene wa sentimita 2.5 na upana wa 12, uyabane pamoja. Ukiyasimamisha kwa ubavu, upana ni 5 na kimo ni 12, na hesabu inatoa 120, yanafaa. Ukiyalaza, upana ni 12 na kimo ni 5, na hesabu inatoa 50, yatapinda. Chuma ni kile kile na bei ni ile ile. Seremala hajawahi kulaza boriti za dari, na sababu ndiyo hiyo. Vyuma viwili vya mfereji vyenye kimo cha sentimita 12, vikifungwa mgongo kwa mgongo, hutoa nguvu kama hiyo kwa uzito mdogo zaidi, na sisi tungechagua hivyo.

Mchomeleaji naye asikasirike. Kazi yake ni muhimu, lakini asiachwe abebeshwe yote na mstari wa moto. Pangeni vyuma ili boriti ikae chini ya nati na kuegemea chuma kwa chuma. Kazi ya kuchomelea iwe kushikilia vitu visihame, si kuzuia tani 10 zisiruke.

Onyo moja linauhusu mpini. Katika karakana nyingi fundi akichoka huchomeka kipande cha bomba kwenye mpini ili urefuke. Mpini wa sentimita 60 ukiwa wa 120, ukuzaji wa 245 unakuwa 490. Mtu wa kilo 70 akiuning'inia, kwa hesabu tupu, anaitaka jeki itoe tani 34. Jeki njema ina vali ya usalama inayofunguka kabla ya hapo; jeki iliyokwisha kufunguliwa na kufungwa mara kadhaa, nani anayejua vali yake imekaaje? Bomba lisionekane hapo mahali pa kazi.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya silinda. Kilo 8,120 zikigawanywa kwa eneo la pistoni nene, sentimita za mraba 13.85, zinatoa kanieneo ya kilo 586 kwa sentimita ya mraba. Namba kama hiyo haisemi kitu mpaka ilinganishwe. Tairi la gari dogo lina kilo 2 na kidogo. Na wakazi wa Gisenyi wana kipimo kikubwa zaidi mbele ya macho yao: Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 hivi mahali penye kina kirefu kabisa, na kila mita 10 za maji huongeza takriban kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Sakafuni mwa ziwa, basi, maji yanakandamiza kwa kilo 48 au 49. Mkandamizo huo wa vilindini ndio unaoifungia ndani ya maji ile gesi ya methani ambayo, tangu miaka ya 1960, iliwahi kuvutwa Rubona kwa ajili ya matanuri ya kiwanda cha bia cha Gisenyi, na ambayo sasa inazalisha umeme. Ndani ya jeki iliyo miguuni pako kuna mkandamizo mara kumi na mbili ya ule wa sakafu ya ziwa.

Kwa hiyo mafuta yakivuja kwa uzi mwembamba, usilipapase tundu kwa kidole. Uzi huo waweza kupenya ngozi kama sindano, ukaacha alama ndogo isiyouma sana, na mafuta yakaoza nyama ndani kwa muda wa saa chache. Mtu aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mganga aelezwe waziwazi kwamba ni mafuta ya jeki. Tafuta uvujaji kwa kipande cha kadibodi, mpini ukiwa umelegezwa. Mafuta ya breki yasiwekwe humo, kwani huharibu mipira ya jeki nyingi; maji nayo huleta kutu. Na jeki isimame wima chini ya kalibu, isukume kwenda juu. Ikigeuzwa kichwa chini, pampu yake itavuta hewa badala ya mafuta, na hewa hubanika kama sponji.

Fremu ikikamilika, ijaribuni kabla ya kuikabidhi udongo. Wekeni kipande kinene cha chuma mahali pa tofali. Pimeni umbali kati ya boriti ya juu na ya chini kwa uangalifu, pigeni mpini hadi kilo 50 mkononi, mkisimama ubavuni na si mbele, wala mtoto asiwe karibu. Mwacheni mzigo dakika kumi, mlegeze, mpime tena. Bolti yenye urefu wa sentimita 80 chini ya mkazo tulioutaja hunyooka kwa chini ya nusu milimita, kisha hurudi. Isiporudi, fremu hiyo ni vyuma chakavu, hata kama rangi yake haijakauka.

Wametuuliza pia, pembeni mwa karatasi, itachukua siku ngapi kupata matofali ya nyumba moja. Nyumba ya mita 6 kwa 4 yenye ukuta mmoja wa kugawa ina mita 24 za ukuta. Kwa kimo cha mita 2.5 ni mita za mraba 60, ukiondoa milango na madirisha tuseme 54. Tofali lenye kimo cha sentimita 9, pamoja na udongo wa kuungia, huziba sentimita 30 kwa 10, hivyo kila mita ya mraba hula 33. Jumla ni kama 1,800, na ya kuvunjika tuweke 100. Watu wanne wakipokezana, mmoja akichekecha na kuchanganya, mmoja akijaza, mmoja mpinini na mmoja akibeba, tofali moja kwa dakika tatu si ndoto: 20 kwa saa, 160 kwa siku ya saa nane. Hizo ni siku 12 za kazi. Matofali yafunikwe kivulini na kunyunyiziwa maji juma zima la kwanza, na lile la mwanzo lisipandishwe ukutani hadi juma la nne.